Uvungu wa Kitanda cha Mjini

Vijana wangu wa karakana ya Mwankoko, najua mnachosema nikishageuza mgongo. Mnasema mzee ana wivu. Mnasema mtu akitaja Dar es Salaam tu, mzee anakohoa, anavuta kigoda na kuanza habari za zamani. Kukohoa ni kweli. Vumbi la mbao nililolivuta maisha yangu yote haliondoki kwa dawa ya dukani. Ila wivu sina. Na kwa kuwa siku hizi mikono yangu inashika randa ili kuihamisha tu isinyeshewe, nimeona niwaandikie. Mtasoma mkipata nafasi, yaani mkimaliza kuangalia simu.

Kwanza niwaulize swali la kazi. Kitanda kinatakiwa kuwa na kimo gani kutoka sakafuni? Najua mtajibu nilivyowafundisha: mtu akikaa ukingoni, nyayo zikanyage chini na magoti yakae sawa. Hilo ni jibu la Singida. Mkienda nalo Dar mtalala njaa. Kule mteja hana habari na magoti yake, anauliza uvungu. "Fundi, ndoo kubwa ya maji inaingia ikiwa imesimama?" Maana chini ya kitanda ndiko kuliko na stoo, kabati la vyombo, jiko, gunia la mkaa, na mara nyingine shemeji aliyekuja kutafuta kazi. Nilifanya kazi Keko miaka mingi, na niliona kwa macho yangu kwamba kila kodi za vyumba zilivyopanda, vitanda navyo vilipanda. Mwishoni nilikuwa natengeneza vitanda ambavyo mtu mfupi kama mimi alihitaji kigoda ili akalale.

Ufundi nilijifunza Iguguno kwa mjomba wangu, mtu aliyechukia misumari kuliko alivyochukia kupe. Alisema msumari ni wa mtu aliyeshindwa kupima. Kwake kila kiungo kilikuwa ulimi na tundu, gundi, na kijiti cha mti kupigiliwa katikati. Kitu kikishaungwa na mjomba hakikufunguka tena. Kilikaa kwenye nyumba hiyohiyo mpaka wajukuu wakakirithi, na hakuna aliyewahi kufikiri kukitoa. Nikaenda Dar na fahari hiyo yote kichwani.

Keko nilipokewa na fundi Shomari, Mzaramo wa Kisarawe, mwembamba, penseli haitoki sikioni. Alikuwa anacheka kabla mzaha haujaisha. Kazi yangu ya kwanza kwake ilikuwa kabati la nguo la mama mmoja wa Tandika. Nilikwenda kwake, nikapima ukuta alionionyesha, nikarudi, nikaunda kabati la milango mitatu kwa mbao za mkongo, ulimi na tundu kila mahali, bila msumari hata mmoja. Shomari alilizunguka, akaligonga kwa kidole, akatabasamu. Ningemfahamu vizuri wakati ule ningeliogopa tabasamu lile.

Tukalipakia kwenye mkokoteni. Nyumba yenyewe ilikuwa kama nyumba nyingi za kule: mlango wa mbele, korido nyembamba katikati, vyumba vya wapangaji huku na huku, na uani nyuma ndiko kwenye jiko na choo. Mlango wa mbele tulipita. Tukafika katikati ya korido, tukaligeuza kabati ili liingie chumbani, likakwama. Halikwenda mbele wala halikurudi nyuma. Mzee mmoja aliyekuwa chooni alibaki upande wa uani amesimama na kopo lake mkononi. Mama mwenye uji jikoni alikuwa upande wetu, na uji wake ulikuwa upande wa mzee.

"Baba, koroga huo uji," akamwambia mzee kwa juu ya kabati.

"Nikoroge na mkono huu?" mzee akauliza.

Shomari alipoitwa alikuja na msumeno, maana alijua tangu asubuhi. Kwanza alikaa kizingitini akacheka mpaka akafuta macho. Halafu akakata ndimi zangu zote, mmoja mmoja. Alipomaliza akaniambia, "Bwana mdogo, kwenu mnapima mbao. Huku tunapima mlango kwanza, kisha korido, ndipo tunamuuliza mteja anataka nini." Jioni ile akanifundisha kazi ya bolti na nati. Mpangaji, alisema, ni mtu wa safari. Kitu chake lazima kifunguke, kivuke mlango huu leo, na mwakani kivuke mwingine. Ndiyo maana mpaka leo nawakagua bolti zenu, nanyi mnanuna.

Mnaniuliza pesa ya kule. Ilikuwepo, siwezi kusema uongo, na ilikuwa nyingi kuliko ya hapa. Ila ilikuwa haikai. Hapa ukiamka unachota maji, unavunja kuni, unachuma mboga, na mpaka saa hiyo hujafungua mfuko. Kule unafungua mfuko kabla hujafungua macho. Maji kwa ndoo, mkaa kwa kopo. Kivuli tulichofanyia kazi kilikuwa cha mwenye bati, naye alidai malipo yake kila mwezi, hata miezi ya mvua ambayo hapakuwa na jua la kukinga. Na msimwambie mwenye nyumba kwamba ninyi ni mafundi. Mimi nilimwambia, na tangu siku hiyo hakuna mlango wa nyumba ile ambao haukuharibika.

Sasa niwaambie habari ya mama mkwe, maana ndiyo iliyogeuza mambo.

Nilikuwa nimekwisha kuoa. Mke wangu Agnesi alitoka Ikungi akanifuata Dar, tukawa na chumba kimoja Tandika. Wakati ule sikutaka makubwa. Nilitaka mke wangu na mtoto aliyekuwa njiani walale chini ya paa moja na mimi, basi. Nilidhani jambo hilo ni dogo, kwa kuwa hapa kwetu hata asiye na kitu analo.

Agnesi akajifungua binti, tukamwita Salome. Uzazi wa kwanza hauachwi bila bibi, kwa hiyo mama mkwe akapanda basi. Alishuka na kuku ndani ya tenga, dumu la mafuta ya alizeti, unga wa uwele na asali. Vyote viliingia uvunguni, kuku wakiwemo, na hapo ndipo nilipoushukuru urefu wa kitanda changu.

Taabu ikaja tulipotaka kulala. Ninyi mmelelewa vizuri, mnajua. Mtu halali chumba kimoja na mama mkwe wake. Haketi alipoketi, hapishani naye mlangoni, hamkodolei macho. Nyumbani jambo hilo halina uzito, kwa sababu kuna nyumba kubwa, kuna nyumba ndogo, na kuna ua katikati ambao mtu anaweza kukunja kona akapita kwingine. Chumba chetu kilikuwa na kona nne tu, na zote zilikuwa na mtu au ndoo. Heshima nayo inahitaji nafasi, na nafasi Dar ni ya kulipia.

Nikasema, mimi si fundi? Nikaunda kabati refu la bolti linalofika darini, nikalisimamisha katikati ya chumba likawa ukuta. Mama mkwe, Agnesi na mtoto upande wa ndani, kitandani. Mimi na mkeka wangu upande wa mlangoni. Niliridhika sana na kazi yangu mpaka mama mkwe alipotaka kutoka. Mlango ulikuwa mmoja, na ulikuwa kwangu.

Tukaweka utaratibu. Akitaka kupita alikohoa. Nikisikia nilisimama nikageukia ukutani, akapita, akishafika koridoni alikohoa tena. Mimi nikitaka kuingia nilikohoa nje. Asipojibu nilirudia. Wapangaji wenzetu hawakujua mila yetu, wakaanza kutuonea huruma. Jirani wa chumba cha pili akaniletea birika la chai ya tangawizi. "Baba Salome," akasema, "hiki kifua chenu ni cha ukoo?"

Mazungumzo yetu yalipitia kwa Agnesi, ingawa kabati lilikuwa jembamba na kila mtu alisikia kila kitu.

"Agnesi, mwambie mkwe wangu chumvi imekwisha."

"Mwambie mama nimesikia," nilijibu kabla Agnesi hajafungua mdomo.

Baadaye nikaona niwaache wapumue, nikahamia Keko, nikawa nalala juu ya meza ya kazi. Mtaani ikajulikana kwamba nimefukuzwa na mke. Shomari alinitetea kwa njia yake. Aliwaambia watu kwamba sikufukuzwa, nilikwama tu koridoni.

Siku moja Agnesi alirudi sokoni na fungu la mlenda. Mimi nilikuwa nimepita kuwaletea maji, niko upande wangu wa kabati.

"Mlenda huu umeutoa wapi?" mama yake akamuuliza.

"Nimenunua, mama."

"Kwa pesa?"

"Kwa pesa."

Nikasikia fungu likiwekwa chini. Halafu akasema, "Mwambie mkwe wangu, mimi mlenda naung'oa shambani na kuutupa. Kumbe miaka yote hiyo mimi ni tajiri." Agnesi akacheka, nami nikacheka. Lakini tangu siku hiyo mama mkwe alianza kuuliza bei ya kila kitu, na kila akijibiwa alihesabu kwa vidole.

Kisha kitovu cha mtoto kikadondoka. Kwetu bibi ndiye anayekizika, kwenye udongo wa nyumbani, ili mtoto awe na kwao. Mama mkwe akakifunga kwenye pindo la khanga, akaenda uani kutafuta mahali. Uani kote palikuwa na sementi. Akazunguka mpaka akapata kipande kidogo cha udongo nyuma ya choo, akaazima sururu. Mwenye nyumba akatoka mbio.

"Bibi, hapo ni karo," akamwambia. "Ukichimba hapo utaturudishia vyote tulivyokwisha kuvisahau."

Nilipofika jioni nilimkuta ameketi kizingitini, pindo la khanga limefumbatwa mkononi. Nilisimama mbali, nimeangalia pembeni kama inavyotakiwa, lakini nilimwona. Mama yule alikuwa na maneno mengi ya utani, na jioni ile hakuwa nalo hata moja. Niliona aibu ambayo sikuiona hata siku ile ya kabati.

Nilimweleza Shomari. Safari hii hakucheka. Alisema, "Kilete kitovu Kisarawe. Nina shamba la marehemu baba, tutakizika vizuri, na mimi nitakuwa babu wa mtoto." Mtu asiye ndugu yako akikupa udongo wa kuzikia kitovu cha mwanao amekupa kitu kikubwa. Nilirudi nikasimama nje ya mlango, Agnesi akalifikisha neno.

"Mwambie mzee huyo Mungu ambariki," mama mkwe akajibu. "Lakini mtoto akija kuulizwa kwao, atataja Kisarawe wakati hana mtu huko." Akaongeza, "Na umwambie mkwe wangu, simtukani. Kazi yake nimeiona, ana mikono mizuri. Ila kitovu hakizikwi kwenye nyumba ya kupanga. Nitaondoka nacho."

Aliondoka nacho, na Agnesi na Salome wakaondoka naye. Wala si mama aliyemlazimisha. Agnesi mwenyewe ndiye aliyeniambia, tumesimama koridoni na mtoto mgongoni. "Baba Salome, wewe unalala juu ya meza, sisi tunalala juu ya kuku. Acha twende. Ukipata vyumba viwili utatuita." Nikakubali. Nilidhani ni jambo la muda mfupi. Siku basi lilipoondoka nilirudi Keko nikakata mbao nzuri ya mninga mahali pasipo sahihi, na Shomari akajifanya hakuona.

Vyumba viwili. Vijana, nimeunda vitanda, makochi, meza na hata jeneza, lakini kitu kigumu kuliko vyote nilivyowahi kuvitafuta ni vyumba viwili Dar es Salaam. Nikikaribia kuvipata, bei inasogea mbele. Chumba kimoja kikafikia bei ya viwili vya zamani, kwa hiyo ili nibaki na kimoja nikahama. Nilitoka Tandika nikaenda Mtoni, kutoka Mtoni Mbagala, kutoka Mbagala Kongowe. Ningekaza kidogo ningefika Rufiji, na bado ningewaambia watu naishi Dar. Nilikuwa naondoka nyumbani gizani na kurudi gizani, kiasi kwamba rangi ya mlango wangu niliijua Jumapili tu.

Mtaniuliza, kwa nini hukuja kuwaona? Nilikuja mara moja, Salome akiwa anatambaa. Alinishika ndevu, akaniangalia, akalia. Baada ya hapo kila nikipanga safari kazi ilinizuia, na hili mlishike, maana ni la ufundi wetu hasa. Watu wanarudi makwao kwenye sikukuu. Na sikukuu ndipo mjini kila mtu anataka kochi jipya kabla ya wageni kufika. Mwalimu anasafiri, karani anasafiri, fundi anabaki anapigilia sponji. Nilikalisha familia nyingi kwenye makochi ya Krismasi na ya Idi. Yangu ilikuwa imekaa Ikungi kwenye mkeka.

Sijasema msiende. Bolti nilizijua kule, na Shomari nilimpata kule. Mimi nisingekuwa fundi huyu mnayemchoka kama ningebaki Iguguno. Nawaambia tu kwamba bei ya mji haitajwi yote siku ya kwanza.

Nimalizie na kitanda kimoja.

Mwaka fulani nilipata mabaki mazuri ya mninga, nikaamua kumtengenezea Salome kitanda chake. Nilikilainisha kwa msasa mpaka ukipitisha shavu halihisi kitu. Nikakifunga kwa bolti ili kifunguke kipande kwa kipande, kisha kipakiwe kwenye basi la Ikungi. Shomari aliuliza, "Mtoto umempima lini?" Nikamjibu mtoto ni wangu, namjua. Hakubisha, akanisaidia kukifunga kamba.

Muda ukapita, na kabla ya mvua za mwaka uliofuata nikapata nafasi ya kuja. Nilishuka Ikungi mchana na mfuko wa vyombo vya kazi begani, futi kamba imening'inia mkandani, kwa sababu fundi haachi vyombo kwenye chumba cha kupanga. Uani nilimkuta msichana anapepeta alizeti kwenye ungo. Aliweka ungo chini vizuri, akapiga goti.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

"Amekwenda kisimani." Akaangalia mfuko, akaangalia futi kamba. "Wewe ndiye fundi?"

Nikasema ndiyo. Ningejibu nini?

"Karibu. Mama alisema fundi atakuja. Kitanda changu ni kifupi."

Nikamfuata ndani. Kilikuwa kile kile cha mninga. Ubao wa miguuni ulikuwa umefunguliwa bolti zake na kuegemezwa ukutani, na mahali pake pamewekwa kigoda chenye nguo iliyokunjwa juu. Salome alijilaza kunionyesha. Chaga ziliishia chini ya magoti, na miguu yote iliyobaki ililala juu ya kigoda. Kila kiungo cha kitanda kilikuwa sawasawa. Kilikuwa kimemfaa mtoto ambaye hakuwepo tena.

"Baba ndiye aliyekituma kutoka Dar," akaniambia akiwa amelala hivyohivyo. "Ni kizuri. Ila hakunipima."

Nikamwomba asimame karibu na ukuta, nikapiga magoti, nikavuta futi kamba kutoka kisigino mpaka utosini. Alisimama wima, amebana pumzi, jinsi watoto wanavyofanya wanapopimwa. Nikapima mara ya pili, ingawa ya kwanza ilikuwa sahihi.

Agnesi akaingia na ndoo kichwani. Alisimama mlangoni akatutazama muda, mimi niko chini kwenye magoti, mtoto mgongo ukutani.

"Salome," akasema taratibu, "umemsalimia baba yako?"

Salome aliniangalia, akamwangalia mama yake.

"Huyu ni fundi, mama," akasema.

Sikurudi tena Keko. Kitanda nilikirefusha siku ile ile. Kuitwa baba kulichukua muda mrefu zaidi.